Nyumba za Wageni Zieleazo Majini Huko Kashmir

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za nyumba za wageni zisizo na msingi wala kiwanja. Nyumba hizo zimo katika mji wa Srinagar, nchi ya Kashmir, kaskazini ya Bara Hindi, mahali palipoinuka futi 5,200 juu ya bahari na kuzungukwa na milima yenye theluji. Katikati ya mji wapita mto Jhelum. Upande wa mashariki liko ziwa Dal, na karibu yake ziwa dogo liitwalo Nagin. Juu ya maji hayo zaelea mashua kubwa za mbao, zenye sebule, vyumba vya kulala, mazulia na taa, nazo ndizo nyumba za wageni.

Mtu atauliza: kwa nini mgeni alale majini hali nchi kavu ipo tele? Swali hilo ni zuri, na jibu lake si lile wengi walidhanilo. Wageni hudhani ya kuwa mashua zile zilibuniwa kwa ajili ya raha na macheo mazuri. Sivyo. Zilibuniwa kwa sababu ya sheria ya ardhi.

Mwaka 1846 Waingereza, baada ya kuishinda dola ya Masingasinga, waliiuza Kashmir kwa mtu aitwaye Gulab Singh kwa rupia 7,500,000, akawa mfalme wake. Uzao wake ukatawala huko mpaka mwaka 1947. Basi kila kiangazi Waingereza waliokaa katika nchi tambarare ya Bara Hindi walikuwa wakilikimbia joto na kupanda Kashmir, wapate kupunga upepo, kuwinda na kuvua samaki. Walipotaka viwanja wajenge nyumba zao, serikali ya mfalme ilikataa. Mgeni hakuwa na ruhusa ya kumiliki ardhi. Hebu fikirini jambo hilo: watu walioiuza nchi nzima kwa kalamu na wino hawakuweza kupata ndani yake hata mahali pa kujenga banda.

Lakini maji si ardhi. Katika mto na maziwa walikuwako tangu zamani watu waitwao Wahanji, ambao kazi yao ni vyombo. Hao walizaliwa, wakaoa, wakapika na kufa katika mashua ndefu iitwayo dunga, yenye paa na kuta za mikeka au mbao. Waingereza wakaanza kupanga madunga hayo, kisha wakataka yaliyo bora zaidi, yenye madirisha na sakafu nzuri. Katika miaka ya 1880 zikaanza kuundwa mashua zilizo nyumba kamili. Wengine humtaja Mwingereza M. T. Kennard kuwa ndiye aliyetangulia. Wengine humtaja mwenye duka wa Srinagar jina lake Naraindas. Yeyote aliyetangulia, Wahanji ndio waliozipata mwisho wake. Waingereza walipokwenda zao mwaka 1947, mashua zilibaki, na wenye kuzipangisha wakawa ni wale waliokuwa wakipiga makasia.

Mimi nilipata kufika huko nilipokuwa masomoni Bara Hindi, pamoja na walimu wenzangu wawili. Tulilala siku mbili katika mashua iliyofungwa kandokando ya mto Jhelum, na siku mbili katika nyingine ndani ya ziwa Dal. Nimefurahi kwamba tulianza na mto, maana mtoni nyumba hizo huonekana zilivyo hasa. Zile za ziwani zimepambwa kwa ajili ya macho ya mgeni. Zile za mtoni ni za kimaskini zaidi, na bei yake ni nafuu.

Ili kuingia katika mashua ya mtoni, hushuka mtu ngazi za ukingo, akapita juu ya ubao mwembamba, akajikuta amesimama katika baraza ndogo penye omo. Kutoka barazani huingia sebuleni, kutoka sebuleni katika chumba cha kulia, kisha ujia mrefu upande mmoja, na vyumba vya kulala vikifuatana hata tezi. Mashua nyingi zapata urefu wa futi 80 mpaka 120, na upana wa futi 15 hivi. Ndani yote ni mbao. Dari imeungwa kwa vipande vidogo vidogo visivyo na msumari unaoonekana, na viti na meza ni vya mti wa jozi uliochorwa majani na maua. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa mwalimu wa useremala, alikaa muda mrefu akiitazama dari ile shingo imempinda, mpaka chakula chake kikapoa.

Gamba la mashua lenyewe ni la mwerezi wa milimani uitwao deodari. Mti huu una mafuta ndani yake na hauozi upesi majini. Hata madaraja ya kale ya Srinagar yalisimama juu ya magogo yake. Chini ya mashua ni bapa, na nyufa huzibwa kama mafundi wetu wa pwani wanavyokalafati jahazi. Ubao ulio majini siku zote hudumu sana. Ubao ulio pale maji na hewa vinapokutana, ambao leo umelowa na kesho umekauka, ndio uozao kwanza. Kwa hiyo mwenye mashua hawezi kulala usingizi mzito. Kila alfajiri mwenyeji wetu alikuwa akifunua ubao wa sakafu, akiinama na taa, akitazama maji ya ngama yamepanda kiasi gani. Yakipanda, huyatoa. Wageni wake walio juu wakinywa chai hawajui neno.

Nami nataka mjue jamaa hao hukaa wapi. Nyuma ya kila mashua ya wageni, au ubavuni pake, imefungwa mashua nyingine ndogo isiyo na mapambo. Humo ndimo mlimo jiko, na humo ndimo wakaapo baba, mama, watoto, na mara nyingi babu na bibi. Chakula cha mgeni hupikwa humo, nacho huletwa juu ya ubao kikingali kinafuka mvuke. Mgeni akikohoa usiku, wao husikia. Mtoto wao akilia, mgeni husikia. Hakuna mahali pengine nipajuapo ambapo tajiri na mtumishi, au niseme mgeni na mwenyeji, hutenganishwa na upana wa maji usiozidi hatua mbili.

Siku ya tatu tulihamia ziwani. Huko hapana ubao wa kuvukia kwa mashua nyingi. Mgeni hufika kwenye diko, hupanda shikara, ambayo ni mashua nyembamba yenye kitambaa juu na mito ya kuegemea, na mpiga kasia hukaa nyuma akitumia kafi lenye umbo la moyo. Mgeni hulala chali kama sultani. Mambo hayo ni mazuri sana siku ya kwanza. Siku ya pili hutambua ya kuwa hawezi kwenda popote pasipo kuita. Akitaka kununua kalamu, sharti asimame barazani aite shikara. Akitaka kurudi usiku, sharti aite toka ng'ambo, na mbwa wote wa pwani wamjibu.

Walakini hahitaji sana kwenda sokoni, maana soko humjia. Tangu asubuhi hata jioni huja wachuuzi katika shikara zao, wakigusa ubavu wa mashua polepole na kubisha hodi kwa adabu: huyu ana maua, huyu zafarani, huyu shali za sufi, huyu masanduku ya karatasi yaliyopakwa rangi, huyu sabuni na dawa ya kichwa. Ukisema hutaki, atakuambia kutazama ni bure. Ukitazama, umekwisha. Wageni wengi hunung'unika kwa ajili ya wachuuzi hawa, na kweli hawampi mtu nafasi ya kusoma kitabu. Lakini mtu akiujua wakati wa baridi wa nchi ile, na idadi ya miezi ambayo hakuna anayekuja kununua, ataona kwamba hawana budi kufanya hima.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, kuna soko jingine lisilo la wageni. Wakulima wa ziwani hukutana na mashua zao zimejaa mboga, wakauziana papo hapo majini, na jua likichomoza wamekwisha tawanyika. Mboga hizo nyingine hulimwa katika bustani zinazoelea. Hufungamanisha matete na magugu ya ziwa, wakatandaza tope juu yake, wakapanda matango na maboga. Bustani kama hiyo yaweza kuvutwa kutoka mahali hata mahali, na ndiyo sababu huko mtu aweza kuibiwa shamba zima usiku, asubuhi akakuta maji matupu. Wanafunzi, msidhani nafanya mzaha. Wizi huo umekuwako huko tangu zamani.

Chakula ni cha kupendeza kwa mtu wa kwetu, maana ni wali na nyama kwa viungo vingi. Kinywaji chao huitwa kahwa. Jina limefanana na kahawa yetu, lakini ni chai ya majani mabichi, iliyotiwa iliki, mdalasini, zafarani na lozi zilizosagwa, nayo hupikwa katika birika kubwa la shaba lenye bomba la makaa katikati. Jioni kukiwa na baridi, kila mtu wa nyumbani hubeba ndani ya joho lake chungu kidogo cha makaa kilichosukiwa kikapu, kiitwacho kangri. Mgeni huwekewa jiko la chuma chumbani. Tulipokuwa tumeketi hivyo, tulisikia adhana kutoka misikiti ya ng'ambo, moja ikitangulia na nyingine ikiitikia, sauti ikitelezea juu ya maji. Mmojawapo wa misikiti hiyo ni Hazratbal, ambamo Waislamu wa Kashmir wanatunza unywele waaminio kuwa ni wa Mtume.

Nisiwafiche yasiyopendeza. Mwisho wa kiangazi maji ya pembeni hunuka. Kwa miaka mingi uchafu wa mashua, na uchafu wa mji ambao ni mwingi zaidi, ulikuwa ukishuka majini moja kwa moja, na magugu yakamea mno. Katika miaka ya karibuni serikali imeanza kuunganisha mashua na mabomba ya kuchukua uchafu, lakini kazi haikuwa nyepesi. Tena wako mawakala wa mjini wamwonyeshao mgeni picha ya mashua nzuri na kumpeleka katika mbovu. Dawa yake ni moja: mgeni asilipe kitu mpaka amepanda ndani, amevuta maji ya bombani, na amekubaliana bei ya chumba, ya chakula, na ya shikara, kila moja peke yake.

Moto ndio adui mkubwa kuliko maji. Mbao zimekauka, majiko yanawaka, na mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu. Mwezi wa Novemba 2023 moto ulizuka alfajiri katika ziwa Dal, ukateketeza mashua kadhaa, na wageni watatu kutoka Bangladesh wakafa. Na wakati wa baridi, katika zile siku arobaini zianzazo tarehe 21 Desemba ambazo wenyeji huziita chila kalani, yaani arobaini kuu, theluji ikirundikana juu ya paa sharti iondolewe, hata usiku wa manane, isije ikaizamisha nyumba kwa uzito wake.

Sasa nawasimulieni habari za mwezi wa Septemba 2014. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, mto Jhelum ukafura, na tarehe 7 ukavunja kingo zake ukaingia mjini. Katika mitaa mingi maji yalifika ghorofa ya kwanza, pengine yakapita. Nyumba za mawe zilisimama mahali pao, nazo zikajaa. Mashua ziwani zikapanda pamoja na maji. Wenye shikara, ambao watu wa mjini hawakuwa wakiwahesabu kuwa watu wakubwa, waliingia katika mitaa kwa makasia yao, wakiwatoa watu madirishani, na mashua za wageni zikawapokea wenyeji wasio na mahali pa kulala. Mwenyeji wetu alituambia kuwa katika siku zile sebule yake ilijaa watu ambao hata majina yao hakuyajua, na mchele wake ulipokwisha walikula wa jirani. Si kwamba mashua zote zilisalimika. Nyingine, hasa za mtoni, zilipigwa na mkondo zikavunjika.

Na hapa ndipo ilipo shida yao yenyewe. Nyumba ya mawe ikivunjika hujengwa tena mahali pale pale. Lakini serikali, kwa kuhofia kwamba ziwa linachafuka na kusongwa, ilikataza mashua mpya tangu miaka ya 1980, na kwa miaka mingi hata kibali cha kutengeneza iliyo kuukuu kilikuwa kigumu kupatikana. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni mpya zilizoruhusu matengenezo kwa masharti, na kuweka mpaka wa mashua zipatazo 900. Mbao za deodari nazo zimekuwa ghali mno, na mafundi wajuao kuunda mashua nzima kutoka mwanzo wamebaki wachache. Basi mashua nyingine huzama pale pale zilipofungwa, bila tufani wala vita, kwa sababu tu ubao umechoka.

Vita navyo vimewapunguzia wageni. Tangu mwaka 1947 India na Pakistan zaigombania Kashmir, kila moja ikishika sehemu yake, na Srinagar uko upande wa India. Mwaka 1989 yalianza maasi ya silaha, na kwa miaka mingi baadaye mashua zilikaa na vitanda vilivyotandikwa bila mtu wa kuvilalia. Mwezi wa Agosti 2019 wageni waliamriwa kuondoka upesi. Mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona. Kisha wageni walirudi kwa wingi, hata mwezi wa Aprili 2025 watu 26 walipouawa huko Pahalgam kwenye malisho ya milimani, na kwa muda mashua zikawa tupu tena. Kila mara taa ya barazani huzimwa, lakini maji ya ngama hayapumziki, na kuyatoa ni gharama, mgeni awepo asiwepo.

Na ile sheria ya ardhi niliyoitaja mwanzo? Mwaka 1927 iliandikwa rasmi katika siku za mfalme Hari Singh, ikaendelea hata baada ya ufalme kuondoka, mpaka mwaka 2019 serikali ya India ilipoifuta. Kuanzia mwaka 2020 mtu wa sehemu nyingine za India aweza kununua kiwanja huko. Ndugu zangu, mambo yamegeuka kwa ajabu. Mgeni wa kutoka sehemu nyingine za India sasa aweza kupata ardhi, naye Mhanji hawezi kushusha majini mashua mpya, na wengi wao nchi kavu hawana hata pa kuchimba shimo la nguzo.

Sheria hizi nazipima hivi. Wenye kulihofia ziwa wana haki. Nimeyanusa maji yale. Lakini uchafu mwingi hautoki katika mashua. Kumkataza mtu kubadili ubao uliooza hakulisafishi ziwa. Mashua iliyozama huozea humo humo. Ingefaa mabomba yatangulie, ndipo makatazo yafuate.

Mwenyeji wetu wa mto Jhelum alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa akiendesha teksi mjini, amepanga chumba cha matofali, na alituambia mbele ya baba yake kwamba hatarudi majini. Mdogo alikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi ya kuondoka kwetu tulimkuta ameshika taa, ubao wa sakafu umefunuliwa, baba yake amesimama juu yake bila kusema, akimngoja aseme mwenyewe maji yamepanda vidole vingapi. Akasema vinne. Mzee akainama akapima. Vilikuwa vinne. Wakaanza kuyatoa, nasi tukavuka ubao na mizigo yetu.